Uzito wa Lori Haupimwi kwa Jumla Tu

Watu wengi hudhani kwamba lori lisilozidisha uzito wake wote halina hatia. Sivyo. Sheria ya Afrika Mashariki hutazama pia mzigo ulio juu ya kila ekseli, yaani chuma kinachoshika magurudumu ya pande mbili. Lori la ekseli mbili limeruhusiwa tani 8 mbele na tani 10 nyuma, jumla 18. Basi wapakizi wakiyarundika mahindi nyuma, hata lori la tani 17 laweza kulemea ekseli ya nyuma kwa tani 12, nalo likifika mizani ya Gilgil au Mariakani litazuiliwa.

Je, tani 2 ni nini? Ni kama gunia 22 za kilo 90. Lakini majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kuanzia 1958 hadi 1960 yalionyesha kwamba madhara huongezeka upesi kuliko uzito wenyewe: ekseli ya tani 12 huidhuru barabara karibu mara mbili ya ile ya tani 10. Lami hupasuka, na mvua ikinyesha maji hupenya chini yake.

Yafaa mwenye mahindi asimame penye lori, na gunia zianze kupangwa mbele, karibu na chumba cha dereva.