Bastola ya .22 kwa Mwanafunzi: Ipi, na kwa Shindano Lipi?

Wenzetu wanaopata nafasi ya kusoma Marekani hukutana huko na mchezo ambao wengi wetu tunauona kwenye Olimpiki tu: kulenga shabaha kwa bastola. Katikati ya wiki, jioni, watu wanakusanyika kwenye banda la klabu, mhandisi, muuguzi mstaafu, fundi bomba, mwanafunzi, kila mmoja na kisanduku chake. Wanatoboa karatasi, wanahesabu alama, wanakwenda kula. Zawadi hakuna, au ni ya kuchekesha tu. Nilicheza misimu miwili nikisoma shahada ya uzamili, na tangu nirudi, wanaojiandaa kuondoka wananiuliza swali moja: "Ninunue ipi?"

Nitajibu. Ila kuna mambo mawili yanayotangulia duka, na la kwanza linaweza kukuharibia masomo yote.

Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, ikiwemo ya masomo, kuwa na silaha au hata risasi. Yaani siyo kununua tu. Hata bastola ya kuazima nusu saa pale uwanjani imo. Ipo misamaha michache, na unaomfaa mwanafunzi ni leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo la huko. Ndiyo, uwindaji! Mimi nilikaa kwenye kozi ya usalama ya wawindaji, nikafanya mtihani, nikapata leseni, na hadi leo sijamwinda hata sungura. Leseni ikiisha muda, msamaha nao umeisha, kwa hiyo tarehe yake iandike mahali unapoiona. Na usidhani ni sheria ya kwenye karatasi. Kuna kesi ya Rehaif dhidi ya Marekani: kijana kutoka Falme za Kiarabu, alikuwa Florida kwa viza ya masomo, alama zikaporomoka, chuo kikamwondoa, naye akabaki nchini. Siku moja akaenda uwanja wa shabaha akapiga. Alihukumiwa miezi 18. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliitengua hukumu hiyo, kwa hoja kwamba waendesha mashtaka walipaswa kuthibitisha kuwa alijua hadhi yake ya kuwepo nchini. Wewe uliyesoma hapa huwezi tena kusema hukujua. Ongea na ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na ikibidi na wakili, kabla hujagusa chochote.

Halafu duka lenye leseni haliruhusiwi kumuuzia bastola mtu aliye chini ya miaka 21, majimbo yana sheria zake juu ya hizo, na vyuo vingi havitaki silaha bwenini. Kwa hiyo uliza mapema kama klabu ina kabati la kuhifadhia. Klabu yetu ilikuwa nalo, pamoja na bastola za kuazima, na kwa msimu wa kwanza sioni sababu ya mtu kununua chochote.

Jambo la pili ni shindano lenyewe. Wengi wananunua kwanza, ndipo wanatafuta mchezo wa kuchezea, na hapo hela inapotea.

Mchezo wa zamani ni Bullseye. Unasimama, unashika bastola kwa mkono mmoja, unapiga karatasi iliyo yadi 50 au 25. Kuna hatua ya taratibu, risasi 10 kwa dakika 10. Kuna ya risasi 5 kwa sekunde 20. Na ya risasi 5 kwa sekunde 10. Mchezo kamili ni risasi 90, alama 900. Mashindano yao makubwa ya taifa yamekuwa yakifanyika Camp Perry, Ohio, kando ya Ziwa Erie, tangu 1907. Klabu ndogo hupunguza umbali na kucheza ndani ya banda wakati wa baridi.

Mwingine ni wa vyuma, Steel Challenge. Hapo unatumia mikono miwili, mbele yako kuna sahani tano za chuma, na saa ndiyo hakimu. Unazipiga zote tano haraka uwezavyo, unarudia, na kila hatua mzunguko wako mbaya kuliko yote unafutwa. Kelele ya risasi ikigonga chuma ni tamu, sikatai.

Michezo hii inataka vitu tofauti. Kwenye Bullseye mkono mmoja unabeba bastola muda mrefu, na bastola ya chuma kitupu yenye mtutu mnene inaweza kuzidi kilo moja. Uzito huo unatuliza mtikisiko, lakini dakika ya saba bega linaanza kulalamika. Kwenye vyuma unataka bastola nyepesi mbele, inayohama kutoka sahani hadi sahani bila kuvutana nawe.

Kwa nini .22? Risasi ya .22 Long Rifle ipo tangu 1887. Fataki yake haikai katikati ya kitako cha ganda kama kwenye risasi kubwa; imesambazwa ndani ya ukingo wa kitako. Pini inaubonyeza ukingo, fataki inawaka. Ndiyo maana wanaiita rimfaya, moto wa ukingoni. Ganda ni jembamba na ni rahisi kutengeneza, kwa hiyo risasi ya kawaida ni kama senti 10 za dola, wakati ya milimita 9 ni mara mbili au zaidi. Anayeishi kwa posho anaelewa hesabu hiyo haraka. Isitoshe, msukumo wake ni mdogo, na mwanafunzi hajifunzi kufumba macho kabla ya mlio.

Ila ukingo huo huo ndio unaoleta balaa kwenye bastola za nusu-otomatiki. Risasi zikipangwa vibaya kwenye magazini, ukingo wa ya juu unanasa nyuma ya ukingo wa ile iliyo chini yake, na bastola inakwama. Pia hakuna mtambo wa kufunga chemba. Ni uzito wa bolti na springi tu. Risasi dhaifu haiisukumi bolti hadi mwisho, ganda tupu linabanwa mlangoni, na kwenye vyuma saa haikusubiri. Juu ya hayo, .22 ni chafu. Risasi ni ya timazi iliyopakwa nta, baruti inaacha masizi, na baada ya mia chache vyote vinajikusanya ndani.

Kwa hiyo kigezo changu cha kwanza, kabla ya usahihi, ni urahisi wa kufungua na kusafisha. Usahihi wa bastola hizi za kawaida tayari unazidi mikono yetu. Ruger ilianza kazi 1949 kwa bastola ya .22, na ukoo wake bado upo. Mark II na Mark III zinapiga vizuri sana, lakini kuzifungua na kuzirudisha kunataka subira ya fundi saa. Nimeona watu wazima wakiondoka na vipande kwenye mfuko wa plastiki. Mark IV ya 2016 inafunguka kwa kubonyeza kitufe kimoja. Ukipata iliyotumika, jua kwamba zilizotengenezwa kabla ya Juni 2017 ziliitwa kiwandani kwa sababu ya kasoro ya kizuizi cha usalama, hivyo hakiki namba yake. Browning Buck Mark, iliyopo tangu 1985, ina triga safi tangu dukani, lakini kuifungua lazima utafute bisibisi ya pembe sita. Smith & Wesson SW22 Victory ina skrubu moja tu, na mtutu wake unabadilika. Zote mpya huwa kati ya dola 400 na 600 hivi. Zile za Italia na Ujerumani zenye mpini wa mbao unaochongwa kufuata kiganja ni nzuri mno, na bei yake ni bumu la watu kadhaa.

Kati ya hizo, mkono wako ndio uamue. Fumba macho, inua bastola kama unaonyesha kidole, fungua. Kilengeo cha mbele kiko wapi? Kikiwa juu au chini sana, mpini huo una mlalo usiokufaa. Ruger ya kawaida ina mpini uliolala. Ile ya 22/45 umesimama zaidi. Kisha vuta triga taratibu bila risasi, kwa idhini ya muuzaji, maana kwenye baadhi ya .22 pini hugonga chuma cha chemba na kukiharibu. Unatafuta triga isiyoburuta. Wepesi usikuvutie mno: sheria za Bullseye zinataka triga ya .22 ihimili pauni 2, kama gramu 900, na shindano la mita 25 la ISSF linataka gramu 1,000.

Kioo chenye nukta nyekundu kinasaidia wenye macho ya makamo. Sisi tuanze na vilengeo vya chuma, ila bastola iwe na tundu za kukifunga baadaye.

Hela iliyobaki ipeleke kwenye risasi. Nunua kisanduku kimoja kimoja cha aina nne au tano, risasi 50 kila kimoja, egemeza mikono, hesabu zilizokwama na uangalie matundu yamekusanyika vipi. Bastola mbili za aina moja zinaweza kupenda risasi tofauti. Ukiipata, nunua nyingi za toleo moja.

Na ongeza magazini. Kwa vyuma unahitaji tano, moja kwa kila mzunguko, ili usijaze huku watu wanakusubiri. Ziandike namba kwa kalamu ya rangi, moja hadi tano, na bastola ikikwama angalia ni namba ngapi.