Kivinjari cha zamani kinaweza kukuonyesha nusu ya ushauri

Mama, au wewe mlezi unayesoma hapa, huenda simu uliyoshika umeinunua miaka sita iliyopita, au umeipata kwa dada yako aliponunua mpya. Hakuna ubaya, simu nyingi tunazotumia ziko hivyo. Ila kuna kitu kimoja ndani yake nataka ukiangalie leo mtoto akiwa mzima, usisubiri usiku ambao anahara na wewe unatafuta maelezo kwa haraka.

Kitu hicho ni kivinjari, yaani programu unayotumia kufungua kurasa za intaneti. Inaweza kuwa Chrome, Firefox, Opera Mini, au Safari kama una iPhone. Wengi wanaokuja kliniki huiita "Google" tu, na ukisema hivyo nakuelewa.

Ukurasa wa intaneti haufiki kwenye simu kama picha iliyokwisha pangwa. Unafika kama maandishi pamoja na maelekezo ya jinsi ya kuyapanga, na kivinjari ndicho kinachofanya kazi ya kupanga. Maelekezo hayo huongezeka mwaka hadi mwaka. Kivinjari cha zamani kikikuta elekezo kisilolijua, mara nyingi hakikuambii kwamba kimeshindwa. Kinaliruka na kuendelea. Kwa hiyo unaona ukurasa umefunguka, unadhani umesoma kila kitu, kumbe kuna kipande hakikuonekana au kimekaa mahali pasipo pake.

Chukua mfano wa zinki. Mtoto anayehara aliye chini ya miezi 6 hupewa miligramu 10 kwa siku, yaani nusu ya kidonge cha miligramu 20. Mwenye miezi 6 na kuendelea hupewa miligramu 20, kidonge kizima. Hutolewa kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumeacha siku ya tatu. Kwenye tovuti, maelezo kama haya huwekwa kwenye jedwali: umri upande huu, dozi upande ule. Jedwali likivurugika, umri wote unajipanga juu na dozi zote chini, au safu moja inapotelea nje ya kioo. Hapo mama anabaki kukisia namba ipi ni ya mwanawe. ORS nayo ni hivyo hivyo: kuna pakiti za lita moja ya maji na kuna za nusu lita, na neno "nusu" likipotea mchanganyiko unaharibika. Ndiyo maana nasema kila mara, soma na pakiti yenyewe, usitegemee simu peke yake.

Jambo la pili ni usalama. Watu wenye nia mbaya hutafuta matundu kwenye vivinjari, na watengenezaji huyaziba kwa kutoa matoleo mapya. Chrome hutoa matoleo mapya mara kwa mara. Simu isiyosasishwa inabaki na matundu yale yale. Fikiria unachoandika humo: majibu ya vipimo, maswali ya uzazi wa mpango, pengine na namba ya siri ya kutuma pesa.

Kusasisha si kazi ngumu. Fungua Play Store, andika jina la kivinjari chako, kisha angalia kitufe. Kikisema "Sasisha", au "Update" kama simu yako iko kwa Kiingereza, kibonyeze. Kikisema "Fungua", hakuna toleo jipya kwa simu hiyo. Kwa iPhone, Safari husasishwa pamoja na mfumo mzima wa simu, kwenye Mipangilio. Bando litaliwa kidogo, kwa hiyo kama kuna Wi-Fi kazini au kwa jirani, subiri uifanyie hapo. Simu ikilalamika kwamba imejaa, anza na video za magrupu ya WhatsApp. Video za harusi za watu usiowajua zinakula nafasi kuliko unavyodhani.

Jihadhari na hili: ukiwa unasoma, likatokea tangazo linalopiga kelele kwamba kivinjari chako ni cha zamani na ubonyeze hapo hapo kupakua kipya, usibonyeze. Lifunge, kisha nenda Play Store mwenyewe. Wezi hutumia njia hiyo kuingiza programu mbaya kwenye simu. Usipokee pia faili la kivinjari alilokutumia mtu WhatsApp, hata kama ni shemeji.

Wakati mwingine kivinjari hakina kosa lolote. Ukiona onyo kwamba muunganisho si salama kwa karibu kila tovuti, angalia kwanza tarehe ya simu. Tovuti salama zina vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Simu iliyozima chaji ikawaka inadhani ni miaka mingi nyuma itavikataa vyote. Rekebisha tarehe, jaribu tena.

Na kama simu yenyewe imezeeka? Tangu mwaka 2025, matoleo mapya ya Chrome yanahitaji Android 10 au zaidi. Namba ya Android yako iko kwenye Mipangilio, sehemu ya "Kuhusu simu". Ikiwa ni ya chini ya hapo, jaribu kivinjari kingine kutoka Play Store ambacho bado kinaikubali simu hiyo, na mambo ya pesa na majibu ya vipimo fanyia kwenye simu nyingine unayoiamini. Opera Mini ni nyepesi na huokoa bando, lakini inapobana sana kurasa, baadhi ya vitufe na majedwali huenda visifanye kazi.

Kwa Tanzania, namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo, hata kwa simu ya vitufe. Lakini mtoto asipoweza kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea na kuwa mgumu kuamka, usifungue ukurasa wowote. Mbebe, chukua kadi yake ya kliniki, nenda kituo cha afya.