Tusiwe wepesi wa kuzipiga sakafu msasa

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Niliikumbuka methali hiyo miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nimesimama katika sebule ya nyumba ninayoishi, nyumba kuukuu ya chuo iliyojengwa kabla ya uhuru, nikiitazama sakafu ya mbao iliyokuwa imetoka kupigwa msasa kwa mashine. Iling'aa kama kioo. Nilimlipa fundi, nikamshukuru, nikawaita majirani waje kuiona. Haukupita mwaka kabla sijatambua kidonda kilikuwa wapi. Mashine ilikuwa imechimba mabonde katikati ya chumba, na baadhi ya vibao vilikuwa vimebaki vyembamba hivi kwamba vilianza kupasuka kingoni na kung'oka kimoja kimoja.

Nataka leo nimsihi msomaji mwenye sakafu ya namna hiyo asilirudie kosa langu.

Sakafu ninayoizungumzia ni ya muhugu, mti ambao wataalamu wa mimea huuita Brachylaena huillensis. Humea katika misitu ya pwani kama vile Arabuko-Sokoke, na vilevile hapa Nairobi katika msitu wa Karura. Mbao zake ni nzito, ngumu, zenye harufu nzuri, na husifika kwa kustahimili nyayo za watu. Hata hivyo, shina lake aghalabu hupindika na kuwa na uwazi ndani, kwa hivyo si rahisi kupata ubao mrefu. Ndiyo maana muhugu ulikatwa vibao vifupi vikapangwa sakafuni mithili ya ukili wa mkeka. Fauka ya hayo, mti wenyewe hukua polepole mno, ilhali umekatwa kwa sakafu, kwa vinyago, kwa nguzo za ua na kwa kuni. Anayeondoa unga wa muhugu sakafuni mwake hana hakika ya kupata mwingine wa kuurudisha.

Hapa naomba radhi, maana siwezi kulipita neno bila kuligeuza geuza. Msasa asilia si karatasi wala mashine. Ni mti, Ficus exasperata, ambao majani yake yana mkwaruzo. Seremala wa zamani alichuma jani, akausugulia ubao wake, na jani lilipochakaa akachuma jingine. Jani lile liliondoa unga kidogo sana. Baadaye jina likahamia kwenye karatasi yenye chembechembe, kisha likahamia kwenye mashine ya umeme, na leo hata mwanafunzi dhaifu twasema anahitaji kupigwa msasa. Jina limebaki lilelile ilhali kitendo kimebadilika kabisa. Fundi anapokwambia, "Mwalimu, hii inataka msasa tu," neno hilo dogo linaficha chombo kinachoweza kuila mbao kwa siku moja kuliko nyayo za watu zilivyoila kwa miaka hamsini.

Waama, kilichochakaa katika sakafu nyingi si mbao bali ni nguo yake, yaani tabaka la nta au vanishi lililopakwa juu. Kuna njia nyepesi ya kulithibitisha jambo hili. Dondosha matone machache ya maji mahali panapokanyagwa sana, ungoje dakika chache. Maji yakibaki yamesimama kama shanga, nguo ingali nzima na sakafu inataka kusafishwa tu. Yakizama polepole na kuacha weusi, nguo imechakaa. Yakinywewa papo hapo, mbao i uchi.

Baada ya hapo, tafuta kona iliyojificha, uisugue kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa tapentaini. Kitambaa kikitoka na rangi ya manjano au kahawia yenye utelezi, sakafu ilipakwa nta. Ni muhimu sana kulijua hili, kwa sababu vanishi haishiki juu ya nta. Nimeona watu wakipaka vanishi ghali juu ya nta kuukuu, kisha wakamlaumu muuza duka ilipoanza kubanduka kama ngozi ya nyoka.

Katika chumba changu cha kulala niliamua kufuata njia ya subira. Ilinichukua Jumamosi tatu. Nilifungua madirisha yote, nikahakikisha hakuna jiko wala kiberiti karibu, nikaanza kuitoa nta kwa tapentaini, kipande kidogo baada ya kingine, nikibadilisha vitambaa kila vilipochafuka. Mahali palipokuwa na ukaidi nilisugua kwa nyuzi laini za chuma, nikifuata mwelekeo wa mbao, kwa mkono mwepesi. Simwagi maji sakafuni hata siku moja. Maji hupenya viungoni na kuvivimbisha vibao. Kisha nilipaka nta mpya kwa tabaka jembamba, nikaiacha ikauke, nikaisugua kwa kipande cha blanketi. Sikupendelea vanishi. Ni kweli kwamba hudumu zaidi, lakini ikichakaa mlangoni huwezi kupaviraka mahali hapo pekee bila kiraka kuonekana. Nta hukubali kuongezwa popote.

Je, makovu yote yalitoweka? La. Karibu na dirisha ipo duara nyeusi iliyoachwa na mtungi wa maua, nayo ipo hadi leo. Mikwaruzo midogo ilififia, ile ya kina ikabaki. Anayetaka sakafu isiyo na historia hataridhika na njia hii, na sitamdanganya. Vilevile zipo sakafu ambazo hazina budi kupigwa msasa, kama vile zile ambazo mbao zake zimepinda na kuinuka, au zilizochimbika vibaya. Hizo apewe fundi mwenye ujuzi, na avae kinga ya pua na mdomo. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mafundi wetu wengi hulivuta vumbi hilo siku nzima wakiwa wamejifunga leso tu.

Onyo jingine ni kwa wale watakaochagua kupaka mafuta ya kitani badala ya nta. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo visirundikwe pembeni. Hujizalishia joto na huweza kuwaka moto vyenyewe. Vitandazwe nje vikauke, au vizamishwe ndani ya ndoo ya maji.

Sebule yangu ingali na mapengo. Mwaka jana nilikwenda kutafuta vibao vya muhugu vya kuyaziba, nikaelekezwa kwa mtu anayeuza mabaki ya nyumba zilizobomolewa Kileleshwa kupisha maghorofa. Alikuwa na gunia zima. Tulivimwaga chini, tukavipima kimoja kimoja dhidi ya kile nilichokuwa nacho mfukoni. Vingi vilikuwa vimekwisha kuliwa na mashine, vyembamba kuliko vyangu. Nilirudi nyumbani na vibao tisa.