Dubu wa Nandi: Mnyama Aliyezaliwa na Tafsiri

Katika maandishi ya Kiingereza kuhusu nyanda za juu za magharibi ya Kenya hutajwa mara nyingi mnyama aitwaye "dubu wa Nandi". Hajapata kukamatwa, wala hakuna ngozi au fuvu lililothibitishwa kuwa lake. Makala haya hayakusudii kumsaka msituni. Kazi hiyo tuwaachie wataalamu wa wanyama. Linalotuhusu sisi wa lugha ni jina, kwani yaelekea jina ndilo lililomzaa mnyama.

Jina la Kinandi linalofungamanishwa naye ni Chemosit. A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wanandi na lugha yao kilichochapishwa mwaka 1909, alimweleza Chemosit kuwa ni shetani, nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja na matako tisa, ambaye kinywa chake chekundu hung'aa usiku mithili ya taa, na ambaye hujikongoja kwa fimbo iliyo mfano wa mkuki. Msomaji wa ngano za Waswahili hatapata taabu kumtambua: huyu ni zimwi. Dubu hayumo.

Aliingiaje basi? Mwaka 1912 Geoffrey Williams alichapisha, katika jarida la chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda, habari za mnyama aliyemwona alipokuwa akielekea mwamba wa Sirgoit, Uasin Gishu, baada ya vita vya Waingereza na Wanandi vya 1905-1906. Alisema mnyama huyo alikuwa ameketi kitako kama dubu wa bustani ya wanyama aombaye mikate. Tuangalie mfano huo umetoka wapi: haukutoka Uasin Gishu, umetoka Uingereza. Mwaka 1913 wajenzi wa reli ya Magadi, mbali kabisa na Unandi, walitoa habari zao, nazo zikatiwa katika kapu lile lile. Mfananisho ukawa jina, na Chemosit akafanywa kisawe chake. (Wako waliosema aliyeonekana ni fisi au nyegere tu, na huenda wamesema kweli.)

Kiswahili nacho kililipata neno dubu kutoka Kiarabu, dubb. Kusini mwa Sahara dubu haishi; yule wa milima ya Atlas, kaskazini, alitoweka katika karne ya 19. Hivyo mfasiri aandikaye "dubu wa Nandi" huazima mara mbili ili kueleza kitu ambacho lugha zetu zilikuwa na jina lake tangu hapo.

Sarufi nayo ina ushahidi wake. Dubu, kama simba na fisi, hufuata upatanisho wa a-/wa-. Lakini katika methali "zimwi likujualo halikuli likakwisha" twaona li-. Yaweza kujibiwa kwamba hiyo ni alama ya ukubwa, si ya jinsi ya kiumbe, na hoja hiyo haipuuziki. Hata hivyo methali haikumhesabu zimwi pamoja na hayawani wa kawaida.

Atakayetunga kamusi ya Kinandi na Kiswahili akaweka dubu mbele ya Chemosit, atamfanya mtoto wa Kapsabet atafute katika picha za wanyama kile ambacho nyanya yake alimsimulia jioni. Yafaa kidahizo kibaki Chemosit, na maelezo yake yaanze hivi: zimwi la ngano za Wanandi, lenye mguu mmoja.