DRONI JUU YA DEPO YA BARUTI: TUFANYE NINI?



Tangu zamani mlinzi wa depo ya baruti alifundishwa kuangalia mlango, waya wa lupango na njia inayotoka kambini. Leo hiyo haitoshi. Lazima aangalie na juu. Siku hizi kuna ndeke ndogo sana, isiyo na mtu ndani, inayopita juu ya waya na juu ya ukuta bila kuonyesha karata kwa mlinzi. Jina lake ni droni. Mwenye kuiongoza anaweza kuwa mbali, nyuma ya kichuguu au ndani ya gari, anatazama picha katika telefone yake.

Kwanza tuseme wazi: droni si kitu kibaya. Maingenieri wanaitumia kupima karyere na malundo ya mawe, na kutazama ukingo wa shimo uliopasuka bila kutuma mtu fasi ya hatari. Droni kama hiyo ina ruhusa, saa yake inajulikana, na mashefu wanatangaza kazi yake mbele. Tunayoisema hapa ni ile nyingine, ile ambayo hakuna mtu kazini anayejua imetoka wapi.

Nani anairusha? Mara nyingi si adui. Ni mpiga picha wa arusi anayetaka kuonyesha mji toka juu. Ni kijana aliyepewa kichezeo. Lakini mwizi wa shaba naye anaweza kuitumia kujua walinzi wanapita saa ngapi na wanapumzika wapi. Wewe uliye chini huwezi kuona moyo wa mwenye kuiongoza. Kwa hiyo kila droni isiyotangazwa inahesabiwa kuwa hatari, mpaka wenye kazi hiyo waseme namna nyingine.

Wako watakaocheka: «Kitu kidogo kama kunguru kitafanya nini?» Wasikilize haya.

Usiku wa tarehe 19 mwezi wa 12 mwaka 2018, watu walisema wameona droni juu ya uwanja wa ndeke wa Gatwick, Uingereza. Uwanja ulifungwa, ukafunguliwa, ukafungwa tena, mpaka tarehe 21. Safari karibu 1.000 zilivunjwa au kupelekwa viwanja vingine, na wasafiri karibu 140.000 walikwama siku chache mbele ya Noeli. Polisi walifunga uchunguzi mwaka 2019 bila kumpata mwenye kosa. Ufaransa, mwaka 2014, droni zilionekana mara nyingi juu ya viwanda vya umeme wa atomi. Mwaka 2018 watu wa Greenpeace walipeleka moja yenye sura ya Superman, ikagonga ukuta wa kiwanda cha Bugey. Walitaka tu kuonyesha kwamba njia ya juu haina mlango.

Mfano wa Marekani unatuhusu sisi zaidi. Mwezi wa 7 mwaka 2020, katika jimbo la Pennsylvania, droni ya dukani ilianguka karibu na kituo kikubwa cha umeme. Ilikuwa imefungwa kamba za nailoni, na chini yake uzi mnene wa shaba. Wakubwa wa usalama walifikiri kwamba mwenyewe alitaka kuangusha ile shaba juu ya nyaya ili umeme uungane na kuharibu kituo. Hakuna mtu anayehitaji kuwaeleza watu wa shaba namna umeme unavyopita katika shaba! Sasa fikiri juu ya posti zetu za umeme, pampu zinazotoa maji chini ya shimo, na mashini za hewa. Umeme ukikatika, aliye chini ndiye wa kwanza kuteseka.

Tena tusifikiri ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Mwezi wa 10 mwaka 2006, wakati wa uchaguzi, droni kubwa ya askari Wabeljika wa jeshi la Ulaya ilianguka Kinshasa na kuua mtu. Haikuwa na nia mbaya. Ilikuwa na ruhusa zote. Ilianguka tu.

Turudi kwenye baruti, maana hapo ndipo kuna jambo ambalo wengi hawalijui.

Detonateri ya umeme ina nyaya mbili. Kazi ya nyaya hizo ni kuleta umeme kidogo sana unaopasha moto kichwa cha detonateri, na hapo mawe yanapasuka. Lakini waya mrefu uliolala chini unaweza kufanya kazi ya antena pia. Ukikaa karibu na chombo kinachotuma mawimbi ya radiyo, waya unayapokea na umeme unatembea ndani yake. Mawimbi yakiwa na nguvu ya kutosha, detonateri inaweza kuwaka wakati hakuna mtu aliyebonyeza kitu. Ndiyo sababu kuna kibao kinachosema zima telefone, zima radiyo. Wapiga baruti wanakijua vizuri. Droni haisomi kibao. Ni radiyo yenye mabawa: inatuma picha chini bila kupumzika, na inapita pale pale ambapo wewe umekatazwa kuingia na telefone mfukoni.

Nguvu ya droni ndogo ni ndogo, karibu wati moja au chini yake. Ikiwa mbali, hatari yake kwa detonateri si kubwa. Ikishuka karibu na nyaya, habari inabadilika. Detonateri zinazowashwa kwa bomba la plastiki hazipokei radiyo, lakini hata hizo hazipendi kitu cha kilo moja chenye bateri ya moto kuanguka juu ya mashimo yaliyokwisha kujazwa.

Hapa inakuja hatari kubwa kupita zote, nayo mara nyingi inaletwa na yule anayetaka kutulinda. Kuna vyombo vinavyouzwa, vyenye sura ya bunduki, vinavyotuma mawimbi ya nguvu ili kukata mazungumzo kati ya droni na mwenyewe. Vingi vina nguvu ya wati makumi, yaani mara nyingi kupita droni yenyewe. Mtu akisimama kwenye mlango wa depo, au kando ya mine iliyofungwa detonateri za umeme, akaelekeza chombo hicho, amefanya yeye mwenyewe kile ambacho droni haikuweza kufanya. Tena, droni iliyokatwa radiyo haitoweki hewani. Nyingine inarudi ilikotoka, nyingine inashuka papo hapo, na ikipoteza pia GPS inaweza kuchukuliwa na upepo. Ikiwa juu ya depo, je, unataka ishuke papo hapo? Chombo hicho kinaweza pia kukata radiyo zetu na mashini zinazoongozwa toka mbali. Kwa maoni yetu, chombo cha namna hiyo kisitumiwe kazini bila ruhusa ya serikali, na bila shefu wa baruti kusema kwa mdomo wake: hapa ndiyo, hapa hapana.

Hata hivyo si dawa ya yote. Katika vita vya Ukraine wameanza kutumia droni zinazovuta uzi mwembamba wa kioo nyuma yao. Hizo hazitumi radiyo, kwa hiyo hakuna cha kukata, na chombo kinachosikiliza radiyo hakisikii kitu. Polisi wa Uholanzi walijaribu hata kufundisha tai kukamata droni. Walitangaza jambo hilo mwaka 2016, na mwisho wa mwaka 2017 wakaliacha: tai ni wa bei kubwa, na si kila siku anatii shefu wake.

Kutupa mawe au kupiga bunduki? Hapana. Risasi inayokosa droni inaanguka fasi fulani, na ikipiga droni, droni inaanguka juu ya mtu. Tuhesabu pamoja. Kaske, ile kofia ya kazi, inapimwa kwa kanuni ya Ulaya EN 397 kwa kuangusha juu yake kitu cha kilo 5 toka metre 1. Hiyo ni sawa na kilo 1 toka metre 5. Droni ya kilo 1 inayoanguka toka metre 50 ina nguvu mara kumi ya hiyo. Hata ukipunguza ile inayoliwa na hewa, kaske yako haikutengenezwa kwa pigo kama hilo.

Basi, ukiona droni isiyotangazwa, ondoka chini yake, ingia chini ya paa ikiwa si paa la depo, na waambie wenzako waondoke pia. Kama mko kwenye mine, mpiga baruti anasimamisha kufunga nyaya, watu wote wanarudi nyuma, na shefu wa baruti peke yake ndiye anayesema saa ya kurudi. Usiende pembeni ya nyaya kupiga telefone. Toka kwanza nje ya mipaka ya kibao. Kisha sema: umeiona saa ngapi, juu ya fasi gani, imetoka upande gani na imekwenda upande gani. Neno la mwisho hilo ndilo linalosaidia walinzi sana, sababu bateri ya droni ndogo inaisha baada ya nusu saa hivi, na lazima irudi kwa mwenyewe. Anayemtafuta mwenyewe atazame chini, si juu.

Ikianguka, usiiokote. Mabawa yake yanaweza kuzunguka tena, inaweza kuwa imebeba kitu, na polisi wanataka kuiona pale ilipolala. Bateri yake ya litiumu ikigongwa inaweza kuwaka dakika nyingi baadaye, na ikizimwa kuwaka tena. Moshi wake ni sumu. Simama upande upepo unakotoka, weka watu mbali, ita wazima-moto. Hii ni lazima zaidi kwenye kiwanda tunapotenga shaba kwa mafuta ya jamii ya petroli ya taa. Kiwanda cha namna hiyo cha Olympic Dam, Australia, kiliungua mwaka 1999 na tena mwaka 2001. Hakukuwa na droni pale, lakini mafuta hayaulizi moto umeletwa na nani.

Nyumbani nako kuna la kusema. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao nchi yetu imo, unasema katika kipande chake cha 8 kwamba ndeke isiyo na dereva haipiti juu ya nchi bila ruhusa yake. Na hapa kwetu, kurusha droni kunataka ruhusa ya ofisi ya serikali inayosimamia ndeke za raia. Baba au mama anayeandaa arusi kambini amwulize mpiga picha mapema kama ana karatasi hiyo, na ataruka upande gani. Kama kambi iko karibu na kiwanda, apite kwanza kwa walinzi wa kampuni. Ni afadhali picha za arusi zipigwe toka chini, watu wakiwa wamesimama wima na kucheka.