Tovuti ya ngoma nayo ni ghala la taarifa za watu

MSHABIKI wa Bagika au Bagalu wa mjini Bariadi anayefungua tovuti kwa mapenzi tu ya ngoma, bila kutegemea kupata hata senti, anaweza kujikuta ndani ya sheria ile ile inayozibana benki na kampuni za simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, haianzi kwa kupima ukubwa wa ofisi wala kwa kudai leseni ya biashara. Inachouliza ni kama mtu anakusanya taarifa za wenzake, na anazifanyia nini.

Kwa mkoa ambao habari zake za soko ni pamba, dengu na ng'ombe, jambo hilo linaweza kuonekana dogo. Lakini taarifa za watu nazo zina wanunuzi, na Simiyu ina wauzaji wasiojua kuwa wanauza.

Tovuti ya namna hiyo kwa kawaida huwa na picha za wacheza nyoka, video za mashindano, ratiba ya ngoma za baada ya mavuno, na chini kabisa sehemu ambapo mgeni huandika jina lake, kijiji, namba ya simu na kama yuko upande wa Bagika au wa Bagalu. Mwenye tovuti huiona sehemu hiyo kuwa daftari la wageni tu. Baada ya misimu miwili ana orodha ya watu mia kadhaa wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, wakiwa wamepangwa kijiji kwa kijiji.

Thamani ya orodha hiyo iko kwenye namba ya simu. Kwa Mtanzania wa leo namba ya simu ndiyo pochi yake. Msimu wa pamba kwa kawaida hufunguliwa mwezi Mei, wakulima hulipwa kupitia vyama vyao vya msingi, na sehemu ya fedha hizo huishia kwenye simu. Ngoma nazo hushika kasi miezi hiyo hiyo. Tapeli anayetuma ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hubahatisha, kwa sababu hamjui anayemtumia. Akipata orodha yenye jina, kijiji na kikundi cha ngoma, habahatishi tena. Anaweza kuandika kama mwenzake wa kikundi, kwa jina, akidai mchango wa ngozi za ngoma.

Hata swali la upande si dogo kama linavyoonekana. Simulizi za Wasukuma zinavirudisha vikundi hivyo viwili kwa waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, na hadi leo upande wa mtu unaweza kueleza dawa na imani za ukoo wake. Sheria inaziweka imani za dini, pamoja na taarifa za watoto na za miamala ya fedha, katika fungu la taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi ya mhusika.

Hizo ni taarifa ambazo mgeni anaziandika mwenyewe. Ziko nyingine ambazo huchukuliwa bila yeye kugusa kitu, na hapo ndipo kuki, ambazo wengine huziita vidakuzi, zinapoingia.

Kuki ni kipande kidogo cha maandishi ambacho tovuti hukiacha ndani ya kivinjari cha mgeni ili imtambue akirudi. Ilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, aliyekuwa mhandisi wa kampuni ya Netscape ya Marekani, na shabaha yake ilikuwa ya kibiashara kabisa. Mtandao ulikuwa hauna kumbukumbu: kila ukurasa uliofunguliwa ulimhesabu mteja kuwa mgeni mpya, sawa na mwenye duka anayesahau sura ya mteja kila anapogeuka kuchukua sukari. Bila kuki, kikapu cha mnunuzi kingekuwa kitupu kila mara.

Kuki ya tovuti yenyewe, inayokumbuka lugha aliyochagua msomaji, haina madhara makubwa. Kazi inaharibika pale mwenye tovuti anapobandika video ya YouTube, kitufe cha Facebook au tangazo la Google. Kampuni hizo nazo zinapata mlango wa kuacha kuki zao katika simu ya mgeni, na kwa kuwa zimebandikwa kwenye mamilioni ya tovuti, zinaweza kumfuata kutoka ukurasa wa ngoma hadi wa dawa ya mifugo hadi wa mikopo. Baadhi ya vivinjari vimeweka vizuizi dhidi ya mtindo huo, Safari ikiwa imezifungia kuki za watu wa nje moja kwa moja tangu mwaka 2020. Google, ambayo kivinjari chake cha Chrome kimeenea sana, ilitangaza mwaka 2024 kuwa imeachana na mpango wake wa kuziondoa.

Dawa iliyozoeleka ni kisanduku cha ridhaa, kile kinachojitokeza chini ya ukurasa kikisema tovuti inatumia kuki. Vingi ni mapambo. Mwenye tovuti hukinakili kutoka kwa mwingine, akaweka kitufe kimoja cha "Sawa", wakati kuki zenyewe zimekwisha kuingia kabla mgeni hajasoma neno la kwanza. Hiyo ni sawa na kumwomba mtu ruhusa ya kuingia ukiwa umeshakaa sebuleni kwake.

Ulaya suala hilo limeshafika mahakamani. Oktoba 1, 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua katika shauri la Planet49 kuwa kisanduku kilichowekwa alama ya kukubali tangu awali si ridhaa. Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa ya ulinzi wa taarifa ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook kwa sababu kukataa kuki kulikuwa kugumu kuliko kukubali. Msukuma aliyeko Ujerumani kuufungua tu ukurasa wa Bariadi hakutoshi kumfanya mwenye ukurasa awe chini ya sheria za huko. Akitaka fedha za matangazo ya Google yanayoonyeshwa kwa wasomaji wa Ulaya, hata hivyo, tangu Januari 16, 2024 kampuni hiyo inamtaka atumie mfumo wa ridhaa ulioidhinishwa nayo.

Sheria ya Tanzania haina sura ya kuki. Kinachozigusa ni tafsiri ya taarifa binafsi, ambayo inajumuisha namba, alama au utambulisho mwingine aliopewa mtu.

Kisanduku cha kweli hupimwa kwa mpangilio wake. Kwanza ukurasa unafunguka ukiwa mtupu wa kuki za watu wa nje. Ndipo mgeni anaulizwa. Akikubali ndipo vinapofunguliwa video na vihesabio. Vitufe vya "Nakubali" na "Nakataa" vinakuwa na ukubwa mmoja, maelezo yanakuwa katika Kiswahili ambacho bibi wa Nkololo atakielewa akisomewa, na chini ya kila ukurasa panabaki kiungo cha kubadili uamuzi. Aliyekataa asiulizwe tena kila anapofungua ukurasa, maana huko ni kumchosha mpaka akubali.

Lakini kisanduku kilicho bora kuliko vyote ni kile kisichohitajika, na tovuti ya ushabiki inaweza kufika hapo kwa gharama ndogo. Video inaweza kuwakilishwa na picha tuli, ikapakiwa tu mtu anapoibonyeza. Kitufe cha Facebook kinaweza kuwa kiungo cha kawaida. Idadi ya wasomaji inaweza kujulikana kutokana na kumbukumbu za seva, au kwa programu kama Matomo iliyopangwa kufanya kazi bila kuki. Cheti cha usalama, kile kinacholeta herufi "https" mwanzoni mwa anwani na kuyafunga maneno ya mgeni yasisomwe njiani, hutolewa bure na Let's Encrypt. Daftari la wageni nalo linaweza kubaki na jina la kwanza na salamu. Namba ya simu ya nini, kama hakuna atakayepigiwa?

Picha zina hesabu yake. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza Casa Vera Lounge, sehemu ya starehe ya Nairobi, shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na Roma School shilingi 4,550,000 kwa kutumia picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Kwenye uwanja wa ngoma watoto huwa mstari wa mbele, na ndio wanaopendeza zaidi kwenye picha. Ruhusa ya mzazi iliyoandikwa na kutunzwa ni rahisi kuipata siku ile ile uwanjani kuliko miaka miwili baadaye.

Sheria imeacha nje shughuli ambazo ni za mtu binafsi tu. Kinga hiyo ni ngumu kuidai kwa ukurasa ulio wazi kwa dunia nzima, hasa ukishapokea tangazo hata moja la duka la pembejeo. Usajili wa wakusanyaji na wachakataji unafanywa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024, na huko ndiko malalamiko hupelekwa. Mtu binafsi anayetoa taarifa za wengine kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini ya kati ya shilingi 100,000 na milioni 20, kufungwa hadi miaka 10, au vyote kwa pamoja. Kwa kampuni faini ni kati ya shilingi milioni 1 na bilioni 5.

Linalobaki ni orodha za zamani. Namba zilizokusanywa misimu iliyopita huwa zimesahaulika kwenye barua pepe, kwenye simu ya kijana aliyesaidia kutengeneza tovuti na kwenye kompyuta ya duka la kuchapia. Kuzifuta kwenye tovuti peke yake hakutoshi. Ni lazima kila nakala itafutwe ilipo, na nywila ibadilishwe, kabla pamba haijaanza kupimwa.