La kuvunda halina ubani: Jinsi ya kukabili uvundo wa panya aliyefia darini

HARUFU huanza kidogo kidogo. Siku ya kwanza wakazi wa nyumba hudhani ni kiazi kilichooza chini ya kabati au taka zilizosahauliwa jikoni. Siku ya pili kila pembe hufagiwa na sinki kumwagiwa sabuni. Ifikapo siku ya tatu hakuna tena wa kubisha: ndani ya dari, au katikati ya ukuta, kuna panya aliyekufa.

Hapo ndipo wengi hukimbilia udi, ubani, mishumaa ya manukato au marashi ya kunyunyiza yanayouzwa madukani. Kwa muda wa saa moja hivi chumba hunukia. Kisha uvundo hurejea, safari hii ukiwa umechanganyika na harufu ya waridi.

Wahenga walisema kuwa la kuvunda halina ubani. Aghalabu methali hiyo hutumiwa kuhusu mambo ya watu yaliyoharibika kiasi cha kutotengenezeka, lakini kwa panya wa darini ina ukweli wa moja kwa moja. Hakuna manukato yanayoushinda mzoga. Uvundo wake huisha kwa njia mbili pekee: mzoga kuondolewa, au kuachwa hadi ukauke wenyewe.

Hata hivyo, kabla ya kuchagua njia yoyote kati ya hizo, mwenye nyumba anapaswa kwanza kuhakikisha kuwa anachokinusa ni mzoga kweli.

Mzoga au gesi?

Gesi ya kupikia kwa asili yake haina harufu ya kutosha kumwonya mtu. Ndiyo maana huongezwa kemikali iitwayo ethili merkaptani, yenye salfa na inayonuka kama kitu kilichooza, ili mtungi unapovuja watu watambue mapema. Kemikali za jamii hiyo hiyo hutoka katika mwili wa mnyama unapooza. Kwa hivyo, si ajabu pua kukosea.

Kosa hilo linaweza kugharimu maisha. Mtu anayedhani kuwa anasumbuliwa na panya, kisha akawasha kiberiti ili achome udi ilhali mtungi unavuja, huenda akailipua nyumba pamoja na waliomo.

Zipo dalili za kutofautisha. Harufu ya gesi hutokea ghafla, na kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama karibu na sakafu. Uvundo wa mzoga nao huongezeka siku baada ya siku, huzidi adhuhuri jua linapochoma mabati, na mara nyingi huandamana na nzi.

Palipo na shaka, mtungi ufungwe, milango na madirisha yafunguliwe, na pasiwe na mtu wa kuwasha moto wala kugusa swichi ya taa. Harufu ikishatoweka, povu la sabuni linaweza kupakwa kwenye mpira wa gesi na mahali unapounganishwa na mtungi. Viputo vikitokea, hapo ndipo panapovuja.

Vilevile, sinki au bafu lisilotumika kwa muda mrefu huweza kunuka. Maji yanayobaki katika kona ya bomba, ambayo kazi yake ni kuzuia hewa ya majitaka, hukauka na kuacha njia wazi. Kumwaga ndoo moja ya maji kunatosha kuliondoa tatizo hilo.

Uvundo hutoka wapi?

Mnyama anapokufa, bakteria waliokuwa tumboni mwake huanza kuuvunja mwili. Protini zinapovunjwa hutoa gesi zenye salfa pamoja na kemikali mbili ambazo daktari Mjerumani Ludwig Brieger alizieleza mwaka wa 1885: putresini na kadaverini. Pua ya binadamu huzinusa hata zikiwa kidogo mno hewani.

Kipanya mdogo, mwenye uzani wa gramu 20 hivi, huweza kukauka kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo. Panya mkubwa wa darini, anayefika gramu 200, huweza kunuka kwa wiki mbili hadi nne. Penye joto na hewa ya kutosha mzoga hukauka upesi. Katika maeneo ya baridi na unyevu kama Limuru, au ndani ya ukuta usiopitisha hewa, mateso hudumu zaidi.

Uvundo wenyewe huleta kichefuchefu na maumivu ya kichwa, lakini kwa kawaida sio unaoambukiza magonjwa. Hatari imo katika vitu vinavyoandamana na mzoga.

Nzi wa buluu hutaga mayai juu ya mzoga saa chache tu baada ya kifo, na wiki mbili au tatu baadaye kizazi kipya huzagaa dirishani. Viroboto nao huuhama mwili unapopoa na kutafuta mwingine wenye joto, awe paka au mtoto. Ni viroboto wa aina hiyo ambao daktari Mfaransa Paul-Louis Simond alionyesha mwaka wa 1898, akiwa Karachi, kuwa ndio wanaoeneza tauni kutoka kwa panya hadi kwa watu. Nairobi yenyewe ilionja makali ya ugonjwa huo mwaka wa 1902, na wakuu wa kikoloni wakaliteketeza soko la Wahindi.

Isitoshe, mkojo wa panya huweza kubeba bakteria wa leptospirosisi, ugonjwa uliozuka mkoani Lindi, Tanzania, mwaka wa 2022 na kujulikana huko kama homa ya mgunda.

Kwa nini afie ndani?

Mara nyingi jibu ni sumu. Sumu nyingi za panya zinazouzwa siku hizi huzuia damu kuganda. Panya hula chambo leo, lakini hufa baada ya siku tatu hadi saba. Anapohisi unyonge hurudi kujificha alikozoea, yaani kiotani mwake: juu ya dari, nyuma ya kabati za jikoni, katikati ya mbao za ukuta, au chini ya makuti katika nyumba za Pwani.

Wachuuzi wanaozunguka na vipaza sauti mitaani hudai kuwa dawa yao humtia panya kiu ili atoke nje kutafuta maji na kufia huko, au kwamba humkausha asinuke. Madai hayo hayana msingi. Hakuna sumu inayoweza kumchagulia panya mahali pa kufia.

Kibaya zaidi, vijipakiti vinavyouzwa bila jina wala maelezo havijulikani vina nini ndani. Chini ya sheria ya mwaka wa 1982 iliyobuni Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu (PCPB), dawa kama hizo zinafaa kusajiliwa kabla ya kuuzwa. Mtoto akimeza sumu, asilazimishwe kutapika wala kunyweshwa maziwa. Akimbizwe hospitalini pamoja na pakiti yake, kwani matibabu hutegemea aina ya sumu.

Kuusaka mzoga

Pua huchoka. Mtu akikaa dakika chache ndani ya chumba kinachonuka, huacha kuisikia harufu vizuri. Kwa hivyo, milango ya vyumba na madirisha yafungwe kwa saa moja au mbili, kisha msakaji atoke nje kupumua hewa safi kabla ya kuingia chumba kimoja baada ya kingine. Kile kinachomgonga kwa nguvu zaidi ndicho cha kuchunguzwa.

Ndani ya chumba hicho, anuse kandokando ya dari, kwenye nyufa, na karibu na soketi za umeme, ambapo hewa ya ukutani hupata upenyo. Aangalie pia nzi wanapokusanyika, na kama kuna doa la majimaji kwenye dari. Mbwa au paka anayekodolea macho sehemu moja ya ukuta huenda anajua asilolijua mwenye nyumba.

Kabla ya kupanda darini, swichi kuu ya umeme izimwe. Panya hutafuna nyaya, na huenda huyo aliyekufa aliuawa na waya ulio wazi ambao bado unamsubiri mwingine.

Kuuondoa

Anayeuondoa mzoga avae glavu na barakoa, na chumba kipitishe hewa kwa angalau nusu saa. Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani (CDC) hushauri mzoga, kiota na mavi ya panya yaloweshwe kwanza kwa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja ya dawa kwa sehemu tisa za maji, na kuachwa kwa dakika tano. Mavi makavu yasifagiwe, kwa kuwa vumbi lake huvutwa puani.

Dawa hiyo ya klorini isichanganywe kamwe na asidi ya kusafishia choo wala dawa yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, lakini magazeti makuukuu na karatasi ya mkate hutosha kuufunga mzoga. Uzikwe katika shimo la futi mbili, mbali na kisima. Kuutupa barabarani ni kuuhamishia msiba kwa jirani: paka, mbwa au bundi anayekula panya aliyekufa kwa sumu huweza kufa pia. Naye bundi, ambaye wengi humfukuza wakimwita mkosi, ni mwindaji hodari wa panya.

Mzoga usipofikika, kwa mfano ukiwa ndani ya ukuta wa matofali yenye uwazi, subira hutakiwa. Madirisha yaachwe wazi, nyufa zinazoingiza harufu chumbani zizibwe kwa muda, na makaa ya kawaida yawekwe katika sahani karibu na ukuta ili yafyonze sehemu ya harufu. Kumwaga mafuta ya taa ndani ya ukuta, kama wafanyavyo baadhi ya watu, hakuzuii uvundo ila hukaribisha moto.

Asirudi tena

Uvundo ukishaisha, kazi iliyobaki ndiyo muhimu zaidi. Kipanya hupenya kwenye tundu lenye upana wa milimita sita tu, sawa na unene wa kalamu. Matundu yanayozunguka mabomba, nyaya na mapaa yazibwe kwa saruji au kwa waya wa kusugulia sufuria, ambao panya huona taabu kuutafuna.

Utaratibu hapa una maana. Mitego ya kubana itangulie na ikaguliwe kila asubuhi, kwa kuwa panya aliyenaswa mtegoni huonekana na kuondolewa kabla hajaoza. Kelele zikishakoma darini ndipo tundu la mwisho lizibwe. Anayeziba yote kwa pupa huwafungia panya ndani, na baada ya siku chache hujikuta alikoanzia.

Kwa wapangaji, kuziba matundu ya paa na kuta si mzigo wa kubeba peke yao. Sheria ya Afya ya Umma (Sura ya 242) inahesabu nyumba chafu na yenye viumbe waharibifu kiasi cha kudhuru afya kuwa kero inayopaswa kuondolewa, na maafisa wa afya ya umma katika kaunti wana uwezo wa kumwagiza mwenye nyumba kuchukua hatua.

Gharama ya mfuko wa saruji ni ndogo ikilinganishwa na majuma matatu ya kulala huku umeziba pua. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na katika nyumba ya panya, huenda akalazimika kwanza kuubomoa.